Barua ya wazi kwa Waheshimiwa Wabunge: tunaomba majina yenu kwenye kura za fedha za usafiri wa umma

Waheshimiwa Wabunge,

Nawasalimu kwa heshima inayostahili dhamana mliyopewa na wananchi. Mimi ni mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mpanga ratiba katika shirika la umma la mabasi, yaani yule mtu ambaye abiria hamwoni hata siku moja lakini ndiye anayepanga basi la kwanza litoke saa ngapi, la mwisho lirudi saa ngapi, na katikati yapite mangapi. Nawaandikia nyote, bila kujali chama wala upande wa ukumbi mnaoketi, kwa sababu kazi yangu yote ilitegemea dakika chache za kazi yenu, na dakika hizo nilikuja kuzishuhudia kwa macho yangu baada ya kustaafu.

Siku hiyo nilikaa jukwaa la wageni. Fungu, yaani kifungu cha bajeti, lililokuwa linasubiriwa ni la ruzuku ya kuendesha usafiri wa umma, nalo lilikuwa limepunguzwa kuliko la mwaka uliotangulia. Mjadala wa wizara ulichukua saa nyingi, ila karibu wote ulihusu barabara mpya na jengo jipya la kituo kikuu. Zamu ya fungu lile ilipofika, mwenyekiti alisoma namba yake, akasoma kiasi, akawahoji. Waliosema ndiyo wakasema, waliosema siyo wakasema, na kwa masikio yangu sauti zilikaribiana. Akatamka kwamba waliosema ndiyo wameshinda, akafungua ukurasa unaofuata. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo na sikufika ishirini. Chini yangu mbunge mmoja alikuwa amesimama akizungumza na jirani yake, mgongo ameuelekeza kwenye meza ya mwenyekiti. Sikuweza kujua kama alisema ndiyo, alisema siyo, au hakusema lolote, na hata leo hakuna awezaye kujua, kwa maana Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, iliandika sentensi moja tu, kwamba fungu hilo lilipitishwa na Kamati, yaani Bunge zima likiwa limeketi kama kamati, bila mabadiliko yoyote.

Ombi langu kwenu ni moja, na yote nitakayoeleza hapa chini yanalihusu hilo hilo. Kila mnapoamua juu ya fedha za kuendesha mabasi, treni na vivuko vya umma, pigeni kura kwa kuitwa majina, ili jina la kila mmoja wenu na jibu lake vibaki kwenye kumbukumbu ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Siwalazimishi kusema ndiyo. Ningependa mseme ndiyo, na sitalificha hilo, lakini kabla ya ndiyo au hapana kuna haki iliyo ya awali zaidi, nayo ni kumjua aliyetamka.

Niruhusuni nieleze kinachotokea baada ya fungu kupita, kwa kuwa wengi wenu hamjapata kukaa upande ule wa pili. Barua ya kupunguziwa ruzuku hufika kwenye shirika ikiwa na kiasi cha fedha, lakini juu ya meza ya mpanga ratiba kiasi hicho husomeka kama kilomita. Mshahara wa dereva una mkataba, bei ya dizeli haipangwi na shirika, bima ni lazima, na vipuri vikichelewa gari hulala karakana. Kinachobaki kukatwa ni safari zenyewe. Nami nilianza pembezoni, kama waanzavyo wote wa kazi hii, kwenye safari ya kwanza ya alfajiri na safari ya mwisho ya usiku, kwa sababu ndizo hubeba watu wachache na ndizo huonekana mzigo ukigawanya abiria kwa kilomita.

Nakumbuka safari moja iliyoondoka katikati ya mji saa tano na robo usiku. Daftari langu lilionyesha abiria kumi na mmoja kwa wastani. Niliweka rula, nikapiga mstari wa penseli nyekundu, nikahamia mstari wa chini yake. Wiki mbili baadaye dereva wa safari ile alinijia ofisini. Hakuja kulalamika kwa ajili yake, maana yeye alikuwa amepewa zamu nyingine. Alitaka nijue abiria wake ni akina nani. Walikuwa akina mama wanne wanaosafisha ofisi, walinzi wawili waliomaliza zamu, mhudumu wa wodi ya wazazi, mpishi na kijana wake wa kuosha vyombo, na wanafunzi wawili wa masomo ya jioni. Aliwataja akiwahesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akanigonga gonga mezani kwa ajili ya yule wa kumi na moja. Mhudumu wa wodi, aliniambia, ameshaomba atolewe zamu ya jioni, kwa kuwa hawezi kulipia gari la kukodi kila usiku.

Somo lenyewe nililipata miezi michache baadaye, nilipopitia hesabu za robo mwaka. Safari ya saa nane mchana, ambayo sikuigusa kabisa, nayo ilikuwa imepoteza abiria. Nilitazama mara mbili nikidhani nimekosea safu. Kisha nikaelewa kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka kazini watu wale wale wa usiku. Aliyenyimwa basi la kurudi hana sababu ya kupanda la kwenda. Mwaka uliofuata safari hiyo ya mchana ikaonekana kwenye jedwali kuwa haina watu wa kutosha, na barua nyingine ikaja, na penseli ile ile ikafanya kazi yake. Tangu siku hiyo sijaweza kusikia neno "kubana matumizi" likitumika kwa usafiri wa umma bila kujiuliza ni mwaka gani tutalipia.

Huo ndio mzunguko unaoumaliza usafiri wa umma: safari zinapungua, abiria wanaondoka, nauli inayokusanywa inashuka, pengo linakua, safari zinapunguzwa tena. Basi likipita kila baada ya dakika 10, anayefika kituoni bila kutazama saa husubiri dakika 5 kwa wastani; likipita kila baada ya dakika 30, husubiri 15, na hapo ni pale ratiba inapofuatwa. Anayebadilisha basi njiani husubiri mara mbili. Mwaka 1972 mwanauchumi Herbert Mohring alionyesha kwa hesabu upande wa pili wa jambo hili, kwamba abiria wakiongezeka kwenye njia na mabasi yakaongezwa kuwafuata, muda wa kusubiri hupungua kwa kila mtu, pamoja na wale waliokuwapo tangu mwanzo. Maana yake kila abiria mpya huwaletea wenzake faida ambayo nauli yake haiioneshi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kiuchumi za serikali kuchangia. Nalisema hili kwa sababu mara nyingi mijadala ya bajeti huitaja ruzuku kana kwamba ni sadaka, na anayeiona kuwa sadaka huwa wa kwanza kuipunguza mwaka ukiwa mgumu.

Sasa nije kwenye namna mnavyopiga kura. Fedha za usafiri wa umma huja kwenye vitabu vya bajeti kwa sura mbili. Ya kwanza ni fedha za maendeleo: mabasi mapya, reli, karakana, vituo. Hizi zina jiwe la msingi, zina utepe wa kukatwa, zina picha. Ya pili ni fedha za matumizi ya kawaida: mishahara ya madereva na mafundi, mafuta au umeme, usafi, vipuri, ulinzi. Hizi hazina utepe. Hakuna mbunge aliyewahi kualikwa kuzindua safari ya saa tano na robo usiku. Matokeo yake ni kwamba za kwanza hupiganiwa ukumbini kwa hotuba ndefu na za pili hupita kwa sauti, ilhali bila za pili zile za kwanza huishia kuwa mabati yaliyoegeshwa.

Marekani wameipitia njia hii kwa muda mrefu na historia yao inafaa kusomwa. Sheria ya usafiri wa umma mijini iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1964 ilitoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya ujenzi na ununuzi. Ilichukua miaka 10, hadi sheria ya mwaka 1974, ndipo fedha hizo zikaruhusiwa kusaidia pia uendeshaji. Kisha mwaka 1998 bunge lao likauondoa msaada huo wa uendeshaji kwa maeneo ya miji yenye watu zaidi ya 200,000, kwa sehemu kubwa, huku fedha za kununua zikiendelea kutoka. Basi kubwa lililonunuliwa kwa fedha hizo linatakiwa kwa kanuni zao litumike angalau miaka 12 au maili 500,000. Linganisheni umri huo na muhula wenu. Basi mnaloliidhinisha leo litaishi kuona uchaguzi mara mbili au tatu, na kila mwaka kati ya hiyo litahitaji dereva, fundi na matairi. Kulipigia basi kura ya ndiyo na kuunyima uendeshaji wake ni kuuma na kupuliza, na abiria ndiye anayebaki na jeraha.

Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipowaondoa abiria ghafla, bunge la nchi hiyo hiyo lilitenga dola bilioni 25 kwa mashirika ya usafiri wa umma, na safari hii fedha ziliruhusiwa kulipa uendeshaji. Seneti iliupitisha muswada huo tarehe 25 Machi kwa kura 96 bila kura ya kupinga, kila jina likiwa limeandikwa. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi, chumba cha pili cha bunge lao, likaupitisha kwa kura ya sauti. Mbunge mmoja aliomba kura ihesabiwe, lakini waliosimama kumuunga mkono hawakufikia idadi inayotakiwa. Naelewa mazingira ya siku zile, wengi walikuwa wamesafiri kwa taabu na kukusanyika kwenyewe kulikuwa hatari. Hata hivyo mwananchi wa huko anayetaka kujua mwakilishi wake alisema nini siku mabasi yake yalipookolewa hana pa kutazama. Na hapa naomba wale wenu mnaoutetea usafiri wa umma mnisikilize kwa makini, kwa kuwa kura ya sauti inawadhulumu ninyi pia. Inamficha aliyekataa, na papo hapo inafuta ushahidi wa aliyekubali.

Utaratibu wa kuandika majina si ugeni wala si uasi. Uingereza, Baraza la Makabwela, ambalo ndilo la wabunge wa kuchaguliwa, lilianza kuchapisha rasmi orodha za kura za wabunge wake mwaka 1836. Marekani, wabunge walipoketi kama Kamati ya Bunge Zima, ambako ndiko marekebisho ya miswada huamuliwa, kura ya mmoja mmoja haikuandikwa mpaka sheria ya mwaka 1970 ilipofungua mlango, na mwezi Januari 1973 wakaanza kutumia mashine za umeme. Italia, kura ya siri ilitawala bungeni kwa miongo kadhaa, serikali zikiangushwa na watu wasiojulikana kutoka kambi yao wenyewe, hadi mwaka 1988 mabunge yao yote mawili yalipobadili kanuni na kufanya kura ya wazi kuwa ndiyo kawaida. Kati ya mambo yaliyokatazwa kabisa kupigiwa kura ya siri baada ya mageuzi hayo ni sheria zenye matumizi ya fedha. Waliona, na mimi nakubaliana nao, kwamba dhamiri ya mtu inaweza kuhitaji faragha katika mambo machache, lakini kodi ya wananchi haina faragha.

Faida ya majina huonekana pale jambo linapokuwa na ushindani. Tarehe 5 Novemba 2021 sheria kubwa ya miundombinu ya Marekani, iliyobeba makumi ya mabilioni ya dola kwa ajili ya mabasi na reli za abiria, ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 228 dhidi ya 206. Kwa kuwa majina yaliandikwa, tunajua kwamba wabunge 13 wa chama cha Republican walivuka upande na kuikubali, na 6 wa chama cha Democrat waliikataa chama chao kikiwa madarakani. Kila mmoja wa hao 19 angeweza kuulizwa jimboni kwake kwa nini, naye akaeleza. Sisemi kwamba waliokubali walikuwa wema na waliokataa wabaya. Ninachosema ni kwamba mazungumzo hayo kati ya mwakilishi na waliomtuma yasingewezekana kama siku ile ingeishia kwenye "ndiyo" na "siyo" za kupiga kelele.

Najua majibu mtakayonipa, maana baadhi yenu mlishanipa ana kwa ana. La muda sitalichelewesha: Bunge la jimbo la Wisconsin, huko huko Marekani, lilifunga mashine ya umeme ya kupigia kura mwaka 1917, na leo kitufe hubonyezwa kwa sekunde. Hata bila mashine, saa moja ya kuita majina kwa mwaka juu ya fedha zinazoamua nani anafika kazini na nani hafiki haiwezi kuitwa upotevu wa muda.

La pili ni zito zaidi, nami nalichukua kwa uzito wake. Mmeniambia kwamba kura ya majina humpa mnadhimu wa chama, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wa chama chake, fimbo, kwamba mbunge ambaye kimya kimya angesema siyo kuokoa safari za wapiga kura wake, ataogopa akijua jina lake linaandikwa na wakubwa wa chama wanasoma. Ni kweli hofu hiyo ipo. Lakini nawaomba mfikirie nani anajua leo. Mnadhimu ameketi ndani ya ukumbi, anaona midomo, ana wasaidizi, na mara nyingi ameshawauliza mmoja mmoja kabla ya kikao. Yeye anajua. Asiyejua ni yule mhudumu wa wodi. Kura ya sauti haimfichi mbunge kwa chama chake, inamficha kwa jimbo lake tu, na hapo ndipo methali ya wazee ya funika kombe mwanaharamu apite inapotimia, isipokuwa anayepita hapa ni pengo la bajeti na anayebaki nalo ni abiria.

Jibu la tatu hutoka kwa wabunge wa majimbo ya vijijini, na kwao nataka kukaa kidogo, kwa kuwa wanasema jambo lenye ukweli ndani yake. Husema, jimbo langu halina treni wala basi la umma, watu wangu wanatembea au wanapanda chochote kinachopita, kwa nini niidhinishe fedha za kuwasafirisha watu wa mjini? Ningekuwa mimi nimetumwa na watu hao, huenda ningeanza na swali hilo hilo. Lakini kutokuwapo kwa basi kijijini si hali ya asili kama mlima au mto. Mara nyingi kuna kura iliyoliondoa, au kura iliyokataa kulileta, na kwa kuwa majina hayakuandikwa, jimbo limebaki likiamini kwamba ndivyo Mungu alivyopanga.

Mfano uliowekwa wazi kuliko yote ninaoujua uko kusini mwa Scotland. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, ilipendekeza kufungwa kwa vituo 2,363 kwa hoja kwamba havilipi. Njia iliyotoka Edinburgh kupita miji midogo ya mpakani hadi Carlisle ilikuwa kwenye orodha ya kufungwa. Mwezi Oktoba 1968 ilipitishwa sheria mpya ya usafiri iliyoruhusu serikali kuzilipia ruzuku njia zisizo na faida zinazohitajika kijamii, na watu wa huko wakawa na tumaini. Haikuwasaidia; treni ya mwisho ilipita mwanzoni mwa Januari 1969. Reli ikang'olewa, eneo zima likabaki bila treni hata moja. Mwaka 2006 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuirudisha sehemu ya njia hiyo, kura 114 dhidi ya 1, na treni zikaanza kutembea tena mwezi Septemba 2015 kwa maili 30 hivi, hadi Tweedbank tu. Mji wa Hawick, ulioko mbele zaidi, bado haujaunganishwa. Kufunga kulihitaji uamuzi wa miezi. Kufungua sehemu tu ya kilichofungwa kulichukua miaka 46. Mbunge wa kijijini anayepiga kura ya kuibana ruzuku ya mjini leo anapaswa kujua kwamba anajenga hoja itakayotumika dhidi ya jimbo lake kesho, yaani hoja kwamba kisicholipa kifungwe.

Kuna waliotafuta njia ya kuuondoa usafiri wa umma kwenye mashaka ya kila mwaka, na nao walianza na kura. Ufaransa ilitunga sheria mwezi Julai 1971 inayowataka waajiri wa eneo la Paris kuchangia usafiri kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, kisha utaratibu huo ukaenea kwenye miji mingine na upo mpaka leo. Ujerumani iliweka kwenye katiba yake, ibara ya 106a, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1996 majimbo yanastahili kupewa sehemu ya kodi za serikali kuu kwa ajili ya usafiri wa umma wa maeneo yao. Kiasi bado hubishaniwa, kama inavyotarajiwa, lakini haki ya kupata haibishaniwi upya kila mwaka. Mpanga ratiba wa nchi kama hiyo anaweza kuahidi safari ya usiku miaka mitatu mbele. Mimi sikuwahi kuweza kuahidi zaidi ya Juni.

Ninachowaomba basi kinafanyika ndani ya kanuni mlizo nazo, au kwa marekebisho madogo ya kanuni hizo. Tenganisheni fungu la uendeshaji na fungu la ujenzi, ili mtu asijifiche nyuma ya ndiyo ya daraja jipya alipokuwa amekata mishahara ya madereva. Kila fungu la uendeshaji liitiwe majina, kwenye ukumbi na kwenye kamati, na naisisitiza kamati kwa kuwa mara nyingi kiasi hukatwa huko na kinachofika ukumbini ni mabaki. Asiyekuwapo aandikwe kwamba hakuwapo. Kabla ya kura, wizara iwasomee kiasi hicho kwa kilomita na kwa safari: fungu hili likipita lilivyo, ni safari ngapi zitaondoka kwenye ratiba, za saa ngapi, na kwenye njia zipi. Shirika lolote lenye mpanga ratiba linaweza kuitoa taarifa hiyo kwa siku chache; nimeitoa mara nyingi, na ilibaki kwenye majalada. Mwisho wa mwaka mwambiwe pia ni kiasi gani cha fedha mlizoidhinisha kilitolewa kweli na hazina, kwa sababu kura ya ndiyo ambayo fedha yake haikutoka haijasogeza basi hata mita moja, na mbunge aliyeipiga ana haki ya kulisimamia jina lake.

Kwa wale wenu mnaotaka kuanza hata kabla kanuni hazijabadilika, kanuni za mabunge mengi huwapa wabunge wachache nafasi ya kusimama kudai kura ihesabiwe. Idadi inayohitajika hutofautiana, lakini haijawahi kuwa kubwa kuliko idadi ya wale ambao wameniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba wanaunga mkono usafiri wa umma. Simameni pamoja fungu hilo linapohojiwa. Mkishindwa kufikia idadi, kule kusimama kwenyewe kutaonekana kutoka jukwaa la wageni.

Kikao cha bajeti kinakaribia, na siku ya fungu hilo nitakuwa pale juu. Nimeshachora jedwali kwenye karatasi kubwa kama zile nilizokuwa nikitumia kazini: majina yenu kwa mpangilio wa alfabeti, na mbele ya kila jina safu tatu, ndiyo, hapana, hakuwapo. Kura ikipigwa kwa majina nitalijaza kwa wino na kulisambaza vituoni kama lilivyo, bila neno langu hata moja. Ikipigwa kwa sauti, nitalisambaza likiwa tupu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpanga ratiba mstaafu